Jini Aliyetulizwa kwa Kiingereza

Mama alipofariki, mimi na mdogo wangu Ramadhani tuligombana juu ya tangazo la redio. Ndiyo, maiti iko ndani inaoshwa, na sisi watu wazima wenye mvi tumesimama uani tunabishana. Rama alitaka lisomwe jina la Mama na jina la baba yake, basi. Mimi nikasema liongezwe na lile ambalo Gitega nzima ilimjua kwalo: Mama Jini.

"Dada Zena, unataka kumwaibisha Mama mbele ya nchi nzima?" akaniuliza. "Mtu aliyeswali mpaka siku ya mwisho?"

Nikamwambia yeye siku zile alikuwa mdogo wa kufungwa vifungo vya shati, asinifundishe kumkumbuka mama yangu. Alinuna, lakini nilishinda. Mchana, baada ya habari, tangazo likasomwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na jina la Mama Jini likapita nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, mpaka huko Muyinga.

Siku ya hitima wanawake walichoma ubani, wakauchoma kweli kweli, mpaka macho yakaniwasha. Nikatoka kwenye mkeka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa stoo ya zamani ambayo sasa Rama anaweka baiskeli mbovu. Ubani ulinifuata hukohuko. Mtu akinusa ubani hukumbuka maulidi au harusi. Mimi hukumbuka vitenzi vya Kiingereza.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba alikuwa Muyinga kwenye kibanda chake cha vitambaa, na sisi tulibaki Gitega, katika mtaa wetu wa Waswahili, na Mama anayeuza sabuni za mawese. Barabara ilikuwa haipitiki ila kwa konvwa, magari yaliyopangwa mstari mmoja na kusindikizwa na wanajeshi. Shule zilifungwa. Na vijana waliokuwa jana wanafunzi walianza kutembea mitaani na marungu, wakitafuta watu wa upande usio wao.

Nitasema mapema, maana sipendi hadithi za kufichana. Ndani ya stoo ile, nyuma ya rundo la sabuni, Mama alikuwa amemficha mwanamke. Aliitwa Domitila. Alikuwa mzaliwa wa Gasorwe, mkoani Muyinga, ameolewa Musinzira hapa mjini, na kila wiki alikuwa akituletea maparachichi mlangoni. Mume wake aliuawa asubuhi, na adhuhuri yeye akaingia kwetu akiwa na mtoto mchanga kifuani, msichana, na hana kikapu cha maparachichi. Mama hakuuliza neno. Alisogeza sabuni, akatandika mkeka, akafunga kufuli.

Waliojua walikuwa wawili tu, Mama na mpangaji wetu. Sisi watoto hatukuambiwa, na Mama alikuwa na haki. Mimi nilikuwa mtoto wa masikio marefu na mdomo mrefu zaidi. Ukiniambia jambo asubuhi, jioni linajulikana bombani.

Mpangaji huyo alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, muuza vitenge, mkristo wa kuimba kwaya, mtu mrefu mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Tulimwita Mwalimu Byamungu ingawa hakuwa mwalimu. Kiingereza alikiokota Kampala alikokuwa akinunua vitenge. Siku moja Mama akatutangazia kwamba tutasoma Kiingereza naye kila alasiri, maana tukilazimika kukimbilia Tanzania, wazungu wa kambini hawasikii lugha nyingine. Watoto wa majirani nao wakaalikwa. Darasa likawekwa uani, mbele ya mlango wa stoo.

"Kwa nini tusikae barazani, kwenye kivuli?" niliuliza.

"We Zena, mdomo huo utakuponza," alisema Mama.

Mwalimu Byamungu alisimama mbele yetu na mita yake ya mbao, ile ya kupimia vitenge, akaigonga kwenye debe. "Batoto, sikilizeni vizuri. Tutaanza na verbe, ni kusema vitenzi, zenye ziko na adabu. Hii ya kutembea iko na adabu sana. Leo, ai wok. Ukitaka jana, unaiwekea mkia, ai woked, na mambo ya jana imekwisha. Ukitaka kesho, unaiwekea kichwa, ai wili wok. Basi! Haikusumbue."

"Na zile zisizo na adabu?" aliuliza Rama.

"Zile tutaona vita ikiisha. Encore! Tena! Wote! Kwa sauti!"

Tukapiga kelele. Ai wok, ai woked, ai wili wok. Tulikuwa tumezoea madrasa, kusoma kwa pamoja tukiyumbayumba, kwa hiyo tuliyumba na Kiingereza vilevile. Tulipika, tuliosha, tulifunga, tulifungua, vyote jana, leo na kesho. Ukubwani nilikuja kujua kwamba hakuna Mwingereza duniani anayesema "woked". Lakini wakati ule nani angetuambia? Na Mwalimu hakujali sana tulisema nini. Alichojali ni sauti. Ukisema vizuri kwa sauti ndogo, mita inagonga debe. Ukikosea kwa sauti kubwa, anatikisa kichwa kwa furaha. Nilimwona mwalimu wa ajabu.

Mambo mengine pia niliyaona ya ajabu. Mama, aliyekuwa akichoma ubani Alhamisi tu, alianza kuuchoma kila siku, na chetezo alikiweka mlangoni pa stoo. Nilimwona akibeba sahani ya ugali na ndagala, ndio dagaa, imefunikwa kawa, akaingia nayo stoo na kutoka na sahani tupu. Nilimsikia akinong'ona na kufuli. Akatuapia kwamba atakayegusa mlango ule atamkata masikio. Na kuna alasiri moja, katikati ya kitenzi cha kupika, nilisikia kitu kikilia kule ndani. Kilio chembamba, cha kukatikakatika. Mwalimu aliruka. "Kutembea! Kutembea! Wote!" Tukapaza sauti, na kile kilio kikazama, kisha kikanyamaza kabisa.

Mtoto wa Kiswahili akiona ubani, sahani iliyofunikwa, mlango wa marufuku na kilio kisicho na mwenyewe, anafikiri nini? Mtaani kwetu kila mfanyabiashara aliyefanikiwa alisemwa kwamba anafuga jini. Nilijua sasa kwa nini sabuni za Mama hununuliwa hata na watu wasiooga. Mama yangu alikuwa na jini, na jini huyo alilishwa ndagala.

Nilikosa usingizi kwa woga na, wallahi, kwa fahari kidogo. Kilichonishangaza ni Kiingereza. Kwa nini jini atulizwe na Kiingereza na si na Kurani? Siku moja Mama alipokwenda sokoni nilisogea kwenye ule mlango peke yangu, nikasoma Kul-audhu zote mbili. Ndani kukawa na mguno, halafu kilio kikaanza. Nikabadili haraka: ai wok, ai woked, ai wili wok. Polepole kilio kikashuka. Nikarudia, kikaisha. Basi nikajua. Huyu jini Mama ameletewa na Mwalimu, ametoka huko Kampala na mizigo yake, Kiarabu hakisikii. Vile vitenzi ndiyo dua yake, na ukimkosea atatoka.

Tangu siku hiyo nilisoma kama mtu aliyeshikwa koo. Wenzangu walicheza, mimi nilisikiliza kila mkia na kila kichwa. Rama alikuwa na ugonjwa wa kuchanganya, anasema "ai wili woked", na kila akisema hivyo nilimfinya paja mpaka analia.

"Zena ananifinya!"

"Kwa sababu utatuua sote, mjinga wewe!"

Mwalimu alitutazama, hakuelewa, akagonga debe.

Huko nje hali ilizidi kuharibika. Milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara ya Muyinga, na habari za Baba zilikatika. Mama alikonda. Vijana walianza kuingia mtaani kwetu, kwanza kwa kuomba maji, halafu kwa kuuliza maswali. Mwalimu alisogeza darasa mpaka migongo yetu ikawa inagusa mlango wa stoo.

Walifika alasiri, muda mfupi baada ya Mama kuswali. Hawakugonga, walisukuma tu geti. Mbele yao alikuwa kijana mwenye sweta ya shule, sweta ya bluu iliyomfupia mikono, na mkononi ana rungu lenye misumari.

"Amahoro," alisema. Ndiyo salamu ya Kirundi, maana yake amani.

"Amahoro, wanangu. Karibuni," alijibu Mama, bado na kanga ya kuswalia kichwani.

"Yule mwanamke wa maparachichi, wa Musinzira. Ameonekana akiingia huku."

"Alikuwa akiingia, ndiyo. Kuniuzia. Siku hizi ni nani anauza parachichi?"

Kijana aliwaambia wenzake watafute. Waliingia vyumbani, tukasikia vitanda vinapinduliwa, vitenge vya Mwalimu vikatupwa nje udongoni. Mwalimu alijikaza, akainua mita yake. "Batoto, tuendelee. Kuosha!"

Tukaanza kuosha. Yule wa sweta akageuka. "We Mkongo, nyamaza! Na nyie, nyamazeni wote!"

Tukanyamaza. Sijawahi kusikia ua wetu ukiwa kimya namna ile, hata kuku walitulia. Wengine waliogopa rungu. Mimi niliogopa mlango uliokuwa mgongoni kwangu. Nilijua hakuna anayesoma, nilijua jini amezoea kusomewa saa ile, na nilijua kitakachofuata.

Kikafuata. Kile kilio chembamba kikaanza, kikakatika, kikaanza tena.

Kijana wa sweta aliinua kidole. "Ni nini hiyo?"

Nilimtazama Mama. Mama yangu, aliyekuwa na jibu kwa sheikh, kwa polisi na kwa wakwe zake, alifungua mdomo na hapakutoka kitu. Mwalimu uso wake ulikuwa wa majivu. Kijana alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni, akanisukuma pembeni, akashika kufuli.

Hapo nikapiga ukelele. "Usifungue! Usifungue, kaka, ni jini! Ni jini wa Mama! Analia vile akiwa na njaa! Atatumaliza sote!"

Sikuwa naigiza. Nililia kwa nguvu zangu zote, kamasi zinanitoka, nimemng'ang'ania mkono wa sweta na miguu, na mkojo unanitiririka mapajani mbele ya wenzangu wote. Kijana aliniangalia, akaangalia chetezo miguuni pake, moshi wa ubani unapanda. Akamgeukia Mama.

Mama alinijia kwa hatua ndefu akanizaba kofi. Hakuwahi kunipiga usoni kabla ya siku ile wala baada yake. "Mtoto mshenzi!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya kutisha. "Nani amekutuma kutoa siri ya nyumba mbele ya wageni?"

Huko ndani kilio kilipanda. Sikuwa na pa kukimbilia tena ila kwenye vitenzi. Nilipiga magoti nikaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, shavu linawaka, nikaanza. Ai wok. Ai woked. Ai wili wok. Sikukosea hata herufi. Nikatembea, nikapika, nikaosha, nikarudi kutembea, na kule ndani kilio kikashuka, kikawa kwikwi, kikatulia.

Nilipoinua macho, yule kijana alikuwa ameachia kufuli na anajifuta kiganja kwenye suruali. Warundi wa vilimani tangu zamani wanasema Waswahili wa mjini wana majini, na sasa alikuwa amemsikia mmoja kwa masikio yake na kumwona mtoto akimtuliza kwa maneno yasiyo Kirundi wala Kiarabu. Mmoja wa wenzake alikuwa ameshafika getini. "Tugende," aliita. Twende.

Wa sweta alirudi nyuma taratibu, hakutaka kuupa mlango mgongo. "Mama," akauliza, na mara ile sauti ikawa ya mtoto wa shule, "huwa anatoka?"

"Asipokosewa, hatoki," alisema Mama.

Wakaondoka. Mwalimu Byamungu aliketi chini kwenye udongo, na suruali yake ile ya pasi, akafunika uso kwa mikono. Mama alinichukua akanibana kifuani mpaka nikakosa pumzi. Akalibusu lile shavu, akalia, akacheka, akalibusu tena. Mimi sikuelewa kabisa. Mtu anatoa siri, anapigwa, halafu anabusiwa?

Nilielewa asubuhi ya konvwa. Mama alifungua kufuli mbele yangu, na akatoka Domitila, ambaye nilidhani alishakufa. Alikuwa amevaa buibui la Mama na mtandio hadi kwenye nyusi, ametengenezwa Mwislamu kamili. Kwenye mikono yake kulikuwa na mtoto mwenye nywele nyepesi, ananuka sabuni ya mawese.

"Huyu hapa jini wako," alisema Mama. "Anaitwa Kaneza."

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika kuliko nilivyofurahi, maana nilikuwa nimetetemeka usiku na mchana kwa ajili ya kitu kisicho na meno. Domitila alinishika kichwa akasema kwa Kirundi kwamba kila nikianza kusoma alikuwa akimtikisa mtoto kwa mwendo wa sauti yangu, na mtoto alikuwa halali tena bila mimi. Nilikuwa bado na kinyongo.

Mama alimfunga Kaneza mgongoni kwake, kana kwamba ni wake, wakapanda lori la konvwa kwenda Muyinga. Sisi tulibaki na Mwalimu. Akatupa kitenzi cha kungoja. Ai weit, ai weited, ai wili weit. Tulikisema alasiri zote mpaka koo zikawa na vidonda, na hakuna aliyetaka mkia, wote tulikwama kwenye leo.

Mama alirudi na konvwa nyingine, na Baba yuko naye, amekonda lakini mzima. Akasema aliwashusha kwenye njia ya Gasorwe, akawaangalia mpaka wakapotelea kwenye migomba. Basi. Hatukupata habari tena. Baadaye tukasikia kilima chao kilichomwa, waliopona wakavuka kwenda Tanzania. Kila mfanyabiashara aliyetoka Muyinga, Mama alimuuliza juu ya mwanamke mwenye binti anayeitwa Kaneza. Aliuliza vita ilipoisha, aliuliza nilipoolewa, aliuliza akiwa hawezi tena kuinuka kitandani.

Mwalimu Byamungu alirudi kwao, na zile verbe zisizo na adabu hakutufundisha kamwe. Jina la Mama Jini ndilo lililobaki. Wale vijana walilisambaza, na nyumba yetu haikuguswa tena. Vita ilipokwisha, sheikh alimwita akamtaka akanushe hadharani. Mama alikataa. Akasema Mungu anajua kilichokuwa stoo, na yule Domitila siku akirudi kututafuta, atafika kwa jina hilo.

Ndiyo sababu niligombana na Rama juu ya tangazo.

Basi nilikuwa nimesimama hapo nyuma ya nyumba siku ya hitima, macho yananiwasha, nikasikia mtoto analia kule kwa wanawake. Moshi ulikuwa umemzidi. Kisha nikasikia mwanamke akimbembeleza, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa kuyumba.

"Ai wok, ai woked, ai wili wok."

Nikaifuata sauti. Alikuwa mwanamke mgeni, amesimama mwisho wa mkeka, na rozari shingoni na kitoto mgongoni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la safari.

"Dada, Kiingereza hicho ulijifunza wapi?" nilimuuliza.

Alinishangaa. "Kiingereza? Mi sijui Kiingereza. Hii ni wimbo ya mama yangu, ndiyo nililalia kambini kule Tanzania. Yeye alifia kule. Aliniambia, kama siku moja nikisikia mtu anaitwa Mama Jini wa Gitega, niende hata kwa miguu nimwambie asante." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Nimemsikia redioni. Kumbe ni tangazo ya maiti."

Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, kama mama yake alivyonishika siku ile. Miaka yote ile Mama aliuliza, na jibu limefika yeye akiwa ameshazikwa. Liliniuma, na bado linaniuma.

"Ina maana gani, wimbo yenyewe?" aliuliza Kaneza.

"Natembea, nilitembea, nitatembea."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi hivyohivyo. Rama akaja kutoka upande wa wanaume, uso umekunjamana. "Dada, watu wanauliza, mgeni huyu ni nani?"

"Waambie," nilisema, "ni jini wa Mama. Amekuja kumuaga."